Nyota Nyingi Si Kitabu Chema

Mtu anunuaye mbuzi sokoni humpapasa kwanza mgongo, ndipo atoe fedha. Sisi mwaka uliopita tulinunua kitabu pasipo kukipapasa, na hasara ikatupata.

Tulitaka kitabu cha kusoma jioni pamoja na wana wetu. Tukafungua Goodreads, tovuti iliyoanza mwaka 2007 nchini Marekani, ambamo wasomaji huvipa vitabu nyota, tangu moja mpaka tano, na kuandika maoni yao. Tukaona riwaya yenye nyota nne na zaidi, iliyosifiwa na maelfu. Tukatoa fedha iliyowekwa kwa viatu vya mtoto, tukamwagiza ndugu yetu aliye Ulaya. Kitabu kilipofika, tulisoma kurasa ishirini mbele ya watoto, tukakifunga kwa haya. Mtoto akaanza masomo na viatu vya zamani. Mama wa nyumba akasema kwa upole: «Baba Watoto, umewauliza watu elfu usiowajua, mimi hukuniuliza.»

Tukanyamaza, maana alisema kweli. Tulikuwa tumehesabu nyota, hatukusoma maneno. Nyota huonyesha ya kuwa watu wamependezwa. Hazisemi ni watu gani, wala wamependezwa na nini. Tulipoyarudia maoni yale, tulikuta wengine wameonya waziwazi juu ya mambo yale yale yaliyotuaibisha.

Tena nyota zaweza kutolewa na mtu asiyesoma kitabu. Mwaka 2023 mwandishi Mmarekani Elizabeth Gilbert alitangaza riwaya yake The Snow Forest, ambayo mambo yake yatukia Siberia, katika Urusi. Kwa ajili ya vita vya Ukraine, mamia ya watu waliipa nyota moja moja, hali haijatoka bado. Naye akaahirisha kuitoa. Uchungu wao ulikuwa na sababu, walakini haukuwa hukumu ya kitabu chenyewe.

Basi sasa twafanya hivi. Twasoma kwanza maoni ya nyota tatu, kwani asifuye na kulaumu pamoja mara nyingi amepima. Kisha twasoma moja la sifa na moja la lawama, tukitafuta sababu, si kelele. Mwisho twatafuta kurasa za mwanzo. Vitabu vingi vya kale hupatikana bure katika Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971.

Liko jambo jingine. Wazee husema: kizuri chajiuza. Kwa vitabu vyetu si hivyo daima. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014, ikafasiriwa kwa lugha nyingi, na wageni wameandika mengi juu yake. Lakini tafuta vitabu vya Kiswahili: mara nyingi utakuta maoni machache, au hakuna. Si kwamba havifai. Ni sisi tuliovisoma tukanyamaza.

Kwa hiyo tumeweka daftari nyumbani. Kila amalizaye kitabu huandika mistari mitano: chahusu nini, chamfaa nani, kina upungufu gani. Binti yetu ameandika juu ya Adili na Nduguze cha Shaaban Robert: «Maneno mengine ni magumu, lakini wale manyani wawili hawanitoki kichwani.» Tumelipeleka neno lake kwenye tovuti kama lilivyo. Huenda mzazi mmoja atalisoma kabla hajatoa fedha ya viatu.

Nasi, kabla ya kununua kingine, twamwuliza kwanza mama wa nyumba.