Tairi la Tano

Gari letu lina matairi matano, na ni hilo la tano lililotukosanisha mimi na mjomba wangu kwa wiki tatu nzima. Manne ya chini hayana mjadala: yanazunguka, yanalika, yanabadilishwa. La tano halifanyi kazi yoyote. Linakaa tu, zito, limejaa vumbi, linangoja siku mbaya.

Mimi huuza vitabu. Sina duka, nina Toyota Hiace inayovuta kwa magurudumu yote manne. Viti vya nyuma tuling'oa kitambo, na mahali pake kuna rafu na katoni. Kila shule zinapokaribia kufunguliwa tunatoka Isiolo, tunafuata lami hadi Marsabit na kupita mpaka Bubisa, halafu tunaiacha lami na kushika magharibi: Maikona, Kalacha, North Horr. Dereva ni mjomba, ndugu yake mama, aliyeendesha malori ya Moyale enzi zile barabara hiyo haijaonja lami. Mvua za El Niño za 1997 zilimkuta njiani na lori la mahindi. Akikusimulia, hasemi alikaa siku ngapi. Husema tu, "Mahindi yalianza kuota."

Hiace yetu ilikuja na matairi ya 195/80R15. Kwa mjini yanatosha kabisa. Kwa mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa upande wa Maikona, hapana. Kila safari tulikuwa tunaacha tumbo la gari limekwaruzwa. Tukanunua 235/75R15. Ukipiga hesabu, lile la zamani lina kimo cha milimita 693, hili jipya 733 na nusu. Tofauti ni sentimita nne, na kwa kuwa gari hukaa katikati ya gurudumu, kilichoinuka ni sentimita mbili tu. Mtu wa mjini atacheka. Lakini jiwe lililokuwa likigonga sasa linapita, na hilo ndilo tulilolipia. Bei nyingine ilikuwa ndogo: mshale wa mwendo ukisema 80, ukweli unakaribia 85. Mjomba alibandika kikaratasi kwenye dashibodi: "Ongeza tano."

Shida ikawa spea. Kwenye Hiace spea hukaa chini ya sakafu, upande wa nyuma, imening'inizwa kwa mnyororo unaoushusha kwa mpini. Pale pamepimwa kwa tairi dogo. Hili kubwa ukililazimisha linabana huku na kule, na unene wake unashuka chini, unakula zile sentimita mbili tulizotolea pesa.

Watu huuliza, kwani si mngebaki na lile dogo, la dharura tu? Gari letu linagawa nguvu mbele na nyuma muda wote, na mtambo unaogawa unategemea matairi yote yazunguke sawa. Weka moja dogo: litazunguka haraka kuliko wenzake ili kwenda umbali uleule, na mtambo utaona kama gari linateleza kila hatua. Utafanya joto, utachoka, mwisho utakufa. Umepona pancha, umeua kitu ambacho bei yake hutaki kuisikia. Spea isiyolingana na wenzake ni ya kupigia picha.

Basi ilibidi tubebe hilihili kubwa. Wapi?

Nilipeleka tairi na rimu yake kwa muuza viazi mwenye mizani. Kilo 27. Katoni yangu ya vitabu vya hadithi ina kilo 13, wakati mwingine 14. Kwa hiyo tairi moja ni katoni mbili, na katoni mbili ni karo ya mtu. Nikamwambia mjomba tuliweke ndani siku za mzigo mdogo, na siku za mzigo mkubwa tuliache nyumbani, twende na vifaa vya kuziba pancha na pampu. Akaniangalia kama mtoto aliyeomba kuendesha ndege.

"Jiwe la Maikona halitoboi tairi, mwanangu. Linachana. Mchano utauziba na nini, na ugali?"

Ndani nako alikataa, na hapo alikuwa na hoja. Ukifunga breki ghafla, kilo 27 zilizolala nyuma yako haziendi polepole. Juu ya paa? Hiace ni ndefu kwenda juu kuliko ilivyo pana, na mzigo wa juu huifanya iyumbe kwenye kona. Tena mjomba ana miaka 63 na mgongo wake si wa kuteremsha tairi kutoka darini. Mlango wa nyuma? Wa Hiace haufunguki ubavuni kama wa nyumba. Unanyanyuka juu kama kifuniko cha sanduku, ukishikiliwa na vishokapu viwili vya gesi. Ufungie tairi la kilo 27, siku moja utakushukia kichwani ukiwa umeinama kutoa katoni.

Ikabaki njia moja, ile ya gharama: mkono wa chuma ulioungwa kwenye chasisi nyuma ya bampa, wenye bawaba nene na komeo, unaofunguka kama geti ndipo mlango uweze kunyanyuka. Fundi wa kuchomelea pale Isiolo alitaka 28,000, akakubali 24,000. Alihamisha namba ya gari na taa moja ili tairi lisizifiche, maana trafiki hawana haja na maelezo yako. Alituonya pia kwamba uzito uliotoka nje ya ekseli ya nyuma ni kama mtoto aliyekaa mwisho kabisa wa bembea: kilo ni zilezile, ila anavuta zaidi. Usukani ulikuwa mwepesi kidogo baada ya hapo. Nikahamisha katoni nzito mbele, nyuma ya viti vyetu, na katoni mbili zikabaki nyumbani. Nililipa, nikanuna, tukaondoka.

Tulilikuta gari lao saa kumi jioni, baada ya Maikona. Hilux ya zamani, imeinama upande mmoja. Walishachana tairi moja asubuhi na sasa la pili, lililokuwa spea yenyewe. Nyuma kulikuwa na godoro, na juu ya godoro mzee amefunikwa shuka hadi kifuani, miguu imevimba. Walikuwa wakimpeleka hospitali Marsabit. Binti yake alikuja dirishani kwangu, hakwenda kwa mjomba.

"Dada, sisi tunaomba tu."

Hakutaja anaomba nini. Macho yalikuwa nyuma ya gari letu, na pale lilikuwa linaning'inia kama ng'ombe mnadani. Tungeliweka chini ya sakafu, asingeliona.

Mjomba alikuwa ameshashuka, anahesabu nati za Hilux. Sita, kama zetu. Rimu ya inchi kumi na tano, kama yetu. Alirudi akanong'ona: "Litaingia. Halilingani na mengine, ila yeye gurudumu la mbele anaweza kulitoa kwenye kazi, aende na ya nyuma tu."

Nikamvuta pembeni. Mbele yetu kulikuwa na Kalacha, halafu North Horr, halafu njia yote ya kurudi. Vitabu vile nilikuwa nimevichukua kwa mkopo wa mwezi mmoja. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa ya heshima: "Mjomba, wiki tatu ulinigombanisha tusitoke bila hili tairi. Sasa unalitoa kwa dakika mbili?"

"Nilitaka lisikosekane barabarani," akasema. "Na hapa ni barabarani." Halafu akanyamaza, akasogea, akaniachia. Gari tulinunua pamoja, lakini mkopo ulikuwa wangu, naye alijua.

Nilisimama pale muda ambao sasa siwezi kuupima. Sikufikiria mambo makubwa. Nilifikiria pesa ya mwisho wa mwezi, na ile miguu. Nikafungua komeo mwenyewe.

Tuliingia Kalacha usiku, mwendo wa kinyonga, mjomba akishuka kila mara kusukuma mawe kwa mguu, mimi nikimulika kwa simu. North Horr tulifika, lakini shule mbili zilizo mbali na njia sikuzifikia, sikuthubutu. Katoni sita zilirudi Isiolo. Mkopo nililipa nusu, nusu nikaomba muda, na bei ya safari iliyofuata ikapanda kwa sababu hiyo. Haya nayaandika kwa sababu hadithi za ukarimu wa njiani huwa zinaishia pale mtu anapotoa. Daftari haliishii hapo.

Tairi lilirudi baada ya siku kumi na mbili, juu ya lori la mbuzi, limeoshwa. Limeoshwa mpaka ndani ya rimu. Binti alipiga simu. Mzee alilazwa, akapata nafuu kidogo, akarudishwa nyumbani, na huko akafariki baada ya wiki tatu. "Alifika hospitali akiongea," akaniambia. "Na nyumbani akarudi akiongea. Aliaga kila mtu." Sikujua la kujibu zaidi ya pole, nikasema pole.

Sijui kama nimekuwa mtu mwema kuliko nilivyokuwa. Bado nikipakia gari natazama nafasi ya zile katoni mbili na moyo unauma. Msemo wa akiba haiozi nimeusikia tangu utotoni, na kwa tairi si kweli hata kidogo: mpira unazeeka hata ukikaa bure, jua linaupasua, ndiyo maana mjomba amelishonea kifuniko cha turubai na kila miezi michache analishusha, analiweka chini, na moja la chini linapanda juu likapumzike. Kwa hiyo siku hizi hakuna tena la tano maalumu. Kila moja linapata zamu ya kungoja.

Kwenye daftari la hesabu nimeliandika upande wa matumizi: katoni mbili, kila safari. Mjomba anasema nimekosea safu, linatakiwa upande wa mali. Safari ijayo ni mwisho wa mwezi huu, na hilo bado hatujakubaliana.