Bunduki ya Baba Mkwe

Novemba ya mwaka juzi, katika msitu wa kaskazini mwa Wisconsin, baba mkwe wangu alimpiga kulungu risasi ya tumbo. Tulifuata matone ya damu mpaka giza likatuzuia, tukarejea alfajiri na mapema, na kufikia adhuhuri tukawa tumeipoteza kabisa njia yake. Kwa mwindaji mwenye haya, mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia asikojulikana ni deni lisilolipika. Mzee hakusema neno njia nzima. Nyumbani aliipangusa bunduki, akaifungia kabatini, ndipo akaniambia: "Mwanangu, ama bunduki hii ni mbovu, ama mimi."

Bunduki hiyo aliiagiza kwa fundi alipostaafu. Fundi alitwaa mtambo wa zamani wa Mauser 98, akautia mtutu mpya wa .30-06, akauvisha kitako cha mti wa jozi uliochorwa vizuri na maumbile yenyewe. Ilipendeza kuitazama, ila haikuwa na kauli moja. Kwa umbali wa yadi 100, yaani mita 91, risasi tano zilitapakaa upana wa sentimita 12, ilhali bunduki ya kuwindia iliyoundwa kwa uangalifu hutarajiwa kuziweka zote ndani ya sentimita tatu au nne.

Mimi si mtu wa bunduki. Kazi yangu ni kulinganisha miswada ya tenzi, nayo imenifunza kwamba mstari ukienda kombo si vyema kuharakia kumlaumu mnakili. Huenda mtunzi ndiye aliyekosea, huenda wino umefifia, na huenda msomaji ndiye asiyeijua lahaja. Hukaguliwa kimoja kimoja, kuanzia kilicho chepesi kukagua, na ukibadili, hubadili kitu kimoja tu. Ukibadili viwili kwa pamoja, hata ukipata nafuu hutajua imetoka wapi. Nilimwomba mzee tuifanyie bunduki yake vivyo hivyo, naye akakubali, nadhani kwa kunihurumia.

Majira ya kuchipua tulianza na skrubu. Mojawapo ya zile zinazoshikilia darubini ilikuwa imelegea. Tukaikaza, tukaenda uwanja wa shabaha, tukafyatua risasi tatu, na tundu zote zikakaa chini ya kifuniko cha chupa. Tulirudi tukicheka. Wiki iliyofuata tukafyatua tano, kisha tano nyingine, na utawanyiko ukarejea karibu ule ule. Risasi tatu zinaweza kukaribiana kwa bahati tu. Mimi ninayewakataza wanafunzi wangu kujenga hoja juu ya mifano mitatu nilikuwa nimejenga furaha nzima juu yake.

Tukaendelea. Tuliazima darubini ya jirani ambayo ilijulikana kuwa nzima: hakuna tofauti. Tukausafisha mtutu kwa dawa ya kuyeyusha shaba, na vitambaa vikatoka na rangi ya buluu ya kijani, ishara ya shaba ya risasi iliyoganda ndani. Tukavipitisha mpaka vikatoka vyeupe. Nafuu ikawa ndogo. Tukajaribu risasi za uzito wa graini 150, 165 na 180, kwa kuwa kila mtutu una risasi inayoupenda. Zile za 165 zilikaribiana zaidi, lakini hazikutosha.

Jibu lilikuwa katika karatasi zetu za shabaha, nasi hatukuwa tumezisoma sawasawa. Nilipoanza kuandika namba kando ya kila tundu kwa mfuatano wa ufyatuaji, niliona kwamba risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, iliangukia mahali pake kila mara. Ya pili ilisogea kulia, ya tatu ikasogea zaidi, ya nne na ya tano zikapanda juu kulia. Hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zilikuwa zikitembea kadiri mtutu ulivyopata moto.

Mzee alitoa noti ya dola moja, akaikunja, akaipitisha baina ya mtutu na mti. Ilipaswa kuteleza bila kizuizi mpaka kwenye mtambo. Ilikwama nusu ya njia, upande wa kushoto. Tulipoifungua bunduki tuliona kwamba fundi aliupaka mti mafuta upande wa nje peke yake. Ndani aliuacha mkavu. Kiangazi cha Wisconsin kina unyevu mwingi, na mti usiozibwa hunywa unyevu huo ukavimba. Mti ulikuwa umeuegemea mtutu, na kila mtutu ulipopata joto ulisukumwa kando. Tuliupanua mfereji kwa msasa, tukaukalisha mtambo juu ya gundi ya epoksi ili usicheze, tukauziba mti wote ndani kwa vanishi. Niliifyatua nikiwa nimeiegemeza juu ya mifuko ya mchanga: risasi tano ndani ya sentimita tatu na nusu.

Laiti mambo yangaliishia hapo! Mzee alipokaa mahali pangu, bunduki ile ile na risasi zile zile, alipata sentimita tisa.

Kwetu pwani mkwe haambiwi kosa lake usoni. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kunyamaza kungekuwa adabu, na kungemrudisha msituni na bunduki nzima na imani isiyo na msingi. Mwishowe nilimwomba anipime mimi. Kuna njia ya kale: mwenzako anakujazia bunduki asikuonyeshe kama ametia risasi ya kweli au ya bandia. Ukifyatua ile ya bandia, hapana mlio wala teke la kuficha ulilolifanya. Mara ya tatu nilipokea ya bandia, na mdomo wa mtutu ukainama mbele ya macho ya sote wawili. Nilikuwa nimeshtuka kabla ya kishindo.

Mzee alitazama, akasema polepole, "Sasa nitilie mimi." Mtutu wake uliinama zaidi ya wangu. Aliiweka bunduki mezani, akakaa kimya, kisha akacheka. "Kumbe ni sote," akasema, na sikujua kama alikusudia yeye na mimi, au yeye na bunduki.

Swali lake la kwanza lilikuwa limetutega kwa neno "ama". Tungalisimama kwenye skrubu tungalijidanganya. Tungalisimama kwenye mti tungalijidanganya kwa hoja nzuri zaidi. Sababu iliyopatikana kwanza huwa na utamu wa kutufanya tuache kutafuta.

Kiangazi kizima alifanya mazoezi kwa bunduki ndogo isiyo na teke. Septemba aliirudia ile kubwa, akakaa chini ameegemea mti kama akaavyo msituni, akafyatulia sahani ya sentimita 20, takriban upana wa moyo na mapafu ya kulungu. Kwa yadi 100 alipata tano kwa tano. Kwa yadi 150 alipata tatu. Aliandika "100" kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha plasta, akakibandika kitakoni.

Msimu wa bunduki huko ni siku tisa, na hufunguliwa Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Siku ya pili, dume kubwa lilitokeza ukingoni mwa kinamasi, ubavu wote wazi, yapata yadi 140. Mzee alilitazama kwa darubini muda mrefu. Kidole chake hakikugusa kifyatulio. Dume likainama, likanywa, likaenda zake.

"Yule si wangu," alinong'ona.

Tulirudi mikono mitupu. Tulipofika pale tulipoupoteza mchirizi wa damu mwaka uliotangulia, alisimama kidogo, nami nikasimama nyuma yake, kisha tukaendelea.