Mama Anajifunza Kizungu

Kwetu Nyamira mtu akisema "baba" ana maana ya mama yake. Baba mzazi huitwa "tata". Nilipoanza shule, mwalimu aliniuliza baba yangu hufanya kazi gani. Nikamjibu kwamba huuza ndizi sokoni Keroka na hujifunga leso mbili. Darasa zima liliangua kicheko! Siku hiyo nilijua kwamba lugha yaweza kumwaibisha mtu.

Kiingereza nacho hatukukichagua. Shuleni kulikuwa na kibao kilichoitwa "diski". Ukisikika ukisema Ekegusii ulivishwa shingoni, nawe ukamnyemelea mwenzako ili umvishe. Aliyelala nacho alionja kiboko. Ngugi wa Thiong'o alieleza adhabu ya namna hiyo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, akikumbuka utoto wake enzi za mkoloni. Mkoloni aliondoka 1963, lakini sisi tulikivaa kibao hicho mwishoni mwa miaka ya tisini.

Kwa hivyo niliamini kwamba Kiingereza hufunzwa kwa kiboko au kwa njaa. Mchonga mawe wa Tabaka hukijua ili amwuzie mtalii kinyago. Muuguzi wa Kisii hukisoma ili apite mtihani wa kwenda ng'ambo. Mwenye kutafuta kazi ya ofisi hana budi, kwani Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiswahili.

Disemba iliyopita nilifika nyumbani nikamkuta Mama, mwenye umri wa miaka 67, ameinamia daftari kuukuu, kalamu mkononi. "Hau a yu," alikuwa akinong'ona. "Ai em yua grandimatha."

Nilicheka, msomaji. Yeye hakucheka.

Dada yangu anaishi Minnesota, jimbo la Marekani ambako Wagusii wengi wamehamia. Watoto wake wawili wanajua Kiingereza tu. Jumapili jioni wakipiga simu ya video, hutazamana na nyanya yao kama watu walio ng'ambo mbili za mto usio na daraja.

"Mwanangu, nimechoka kutabasamu kwenye simu," Mama aliniambia. "Kutabasamu si mazungumzo."

Nikamshauri kwamba heri dada awafunze wanawe Ekegusii. Akanijibu, "Nikiwangoja, nitakuwa nimelala chini ya migomba." Kisha akaniangalia. "Na wako wa Nairobi, je?"

Nilikosa la kusema. Wangu huwasiliana naye kwa Kiswahili cha kuungaunga. Ekegusii hawakijui, na asiyewafunza ni mimi, niliyekwisha vuliwa diski miaka mingi iliyopita.

Papo hapo mwanangu wa miaka sita akaita kutoka uani, "Baba!" Mama na mimi tukaitika kwa pamoja.

Tangu siku hiyo tumekata kauli. Kila Jumapili Mama hupata neno moja la Kizungu kutoka kwa wajukuu wa Marekani, nao hupata moja la kwake. Wangu hukaa kando ya simu wakijifunza bure. Wiki iliyopita wote wanne walimsalimu "bwakire", ingawa ni wale wa Minnesota tu kulikokuwa asubuhi.

Nawe msomaji, nyanya wa wanao akipiga simu leo, watamwelewa?