Sauti mpya, kidonda cha zamani

Chester Bennington, mwimbaji wa bendi ya rock ya Linkin Park ya Marekani, alijitoa uhai Julai 20, 2017 akiwa na miaka 41. Aliacha watoto sita. Kwa miaka saba nafasi yake ilibaki wazi.

Septemba 2024 wenzake wakamtambulisha Emily Armstrong, na Novemba 15 ikatoka albamu ya From Zero. Wasikilizaji wakagawanyika. Wapo waliofurahi kusikia tena magitaa yale na sauti ya Mike Shinoda, wakasema dada huyo ana koo lake na haigi mtu. Wengine waliona marehemu amefutwa. Kati yao wamo waliovuka ujana wakisikiliza Hybrid Theory ya mwaka 2000, na leo ni baba na mama.

Mzazi aliyefiwa kisha akaoa au kuolewa tena analijua hili. Mtoto anaponuna mbele ya mama mpya, si lazima awe anamchukia. Huenda anaogopa kwamba akimpenda atakuwa amemsaliti aliyeondoka. Kumkemea hakusaidii. Mwache amtaje marehemu kwa jina, picha ibaki ukutani, na asilazimishwe kumwita mgeni “mama” kabla hajawa tayari.

Jukwaani, Armstrong huimba nyimbo mpya pamoja na zile za Bennington. Nyumbani pia, za zamani zisifichwe. Mtoto akiona hajaporwa chochote, atapata nafasi ya kumsikiliza aliyekuja.