Ukishaomba, Soma Sura Yote

Kuna sentensi moja hunikera sana kwenye mafunzo ya Biblia: "Niliomba, Roho akanifunulia." Ikishasemwa, mjadala umeisha. Nani atabishana na Roho? Wewe uliyeuliza swali unabaki kuonekana huna imani.

Sisemi watu wasiombe. Mimi huomba kabla ya kusoma. Lakini hayo maombi yanafanya kazi gani hasa?

Chukua Yeremia 29:11, ule mstari uko kwa kava za simu na kadi za watahiniwa wa KCSE. Mipango mizuri, tumaini, sawa. Sasa rudi nyuma mstari mmoja tu. Wa 10 unasema miaka 70! Hiyo ilikuwa barua, Yeremia akiwa Yerusalemu anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu hadi Babeli. Anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, juu hawarudi hivi karibuni. Mtu mzima aliyesikia ikisomwa, hebu piga hesabu ya umri wake miaka 70 baadaye. Na kwa sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania, yeye alikuwa na ufunuo mtamu zaidi: miaka 2 tu na mambo yameisha. Nina hakika alishangiliwa.

Halafu soma Danieli 9. Danieli anasoma vitabu, anaiona hiyo hesabu ya 70, ndipo anafunga, anavaa gunia na kuomba. Haombi apewe maana mpya. Anaungama, na anasema "sisi", si "wao". Maandishi alishayaelewa. Kilichobaki kilikuwa moyo, na hapo ndipo naona maombi yana kazi. Kusoma hakukurukwa.

Rafiki yangu alitoa pesa ya karo kwenye kesha moja, baada ya kiongozi kusema amefunuliwa kwamba 29:11 ni ya atakayepanda mbegu usiku huohuo. Hakufanya mitihani ya muhula huo. Kiongozi hajaulizwa kitu. Na manze, kinachoniuma hata si pesa: mpaka leo rafiki yangu anaamini shida ni yeye, ati hakuomba vya kutosha.

Juzi nimemtumia sura ya 28 na 29, zote mbili, bila maelezo. Amezisoma, naona tiki za buluu. Bado hajajibu.