Maziwa Hayakutoka

Dada yangu unayesoma haya umechoka na hujui kwa nini, nakuandikia wewe.

Nilipojifungua mwanangu wa pili, damu ilinitoka hadi nikazimia. Niliongezewa damu, Mungu akaniokoa. Mama akaja kunilea uzazi. Alinipikia mtori na uji wa pilipili manga, lakini maziwa hayakutoka hata tone. Mtoto akakua kwa maziwa ya kopo.

Hedhi nayo haikurudi. Nywele za kwapani zikapukutika. Jua kali la mchana lilinikuta nimevaa sweta. Kila zahanati niliambiwa ni upungufu wa damu, au mawazo. Mtaani wakasema nimerogwa. Mume wangu hakuwasikiliza. Alifua, alipika, alimwogesha mtoto, miaka ikapita hivyo.

Kisha nikaugua malaria. Nilitapika usiku kucha. Presha ikashuka. Sukari ikashuka. Mwanangu aliletwa kitandani, sikumtambua. Nilisikia mama anasali. Sauti naisikia, maneno siyaelewi. Nikajua nakufa. Sikuogopa. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Katika hospitali ya rufaa daktari mmoja alimgeukia mama. “Mama, huyu alipojifungua alitoka damu nyingi? Alinyonyesha?” Mama akamweleza yote. Daktari alichukua damu ya vipimo, na bila kusubiri majibu akanichoma sindano ya haidrokotisoni. Kesho yake nilimwita mwanangu kwa jina lake. Mama akapiga magoti palepale wodini.

Majibu yalionyesha homoni ya kotisoli iko chini sana. Homoni ya thairoidi ilikuwa chini pia, na ile inayotoka kichwani kuiamsha thairoidi haikupanda kama ilivyopaswa. Kwa hiyo kasoro haikuwa shingoni kwenye thairoidi, ilikuwa juu zaidi. Picha ya MRI ikaonyesha tezi ya pituitari imesinyaa. Tezi hiyo, ndogo kama harage, iko chini ya ubongo na ndiyo inayoamrisha tezi nyingine nyingi. Wakati wa mimba hutanuka, na damu ikipungua ghafla sehemu yake inaweza kufa. Ugonjwa huo huitwa sindromu ya Sheehan, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1937.

Dawa yangu ni ya maisha. Walianza na ya kotisoli, ya thairoidi ikafuata, kwa sababu ya thairoidi ikitangulia peke yake inaweza kumwangusha mgonjwa. Nikipata homa naongeza dozi ya kotisoli kama nilivyoelekezwa. Nikitapika, mume wangu haulizi, ananikimbiza hospitali nikachomwe sindano. Homa ndogo tu bado hunitetemesha moyo.

Nawe, kama ulitoka damu nyingi ukijifungua, mwambie daktari hata kama imepita miaka. Mwambie na habari ya maziwa na hedhi. Omba wakupime kotisoli ya asubuhi na homoni za pituitari. Nenda na mama yako au dada yako, maana ukiwa umechoka hivyo utasahau nusu ya maneno.