Dada wawili, mtoto mmoja na ugomvi wa vitabu vya Scarpetta

Kila Jumapili saa tatu usiku, simu ya muuguzi mmoja wa Morogoro huita. Anayepiga ni mdogo wake, anayeishi Maryland, Marekani, ambako muda huo bado ni mchana. Wakishasalimiana na kuulizana hali ya mama yao mzazi, mazungumzo huhamia kwa mtu ambaye hakuna kati yao aliyewahi kumwona: Dk Kay Scarpetta, daktari wa kwenye riwaya anayechunguza maiti ili kujua marehemu kafa kwa sababu gani.

Dada hao wamekuwa wakisoma vitabu vya Scarpetta kwa miaka tisa sasa. Mdogo hununua nakala zilizotumika kwa bei ya chini, anasoma, kisha anampa yeyote anayekuja Tanzania. Vinafika Morogoro vikiwa vimebanwa kwenye begi katikati ya viatu na sabuni. Mwanzoni mkubwa alisoma na kamusi pembeni. Siku hizi akitoka zamu ya usiku, hakosi kurasa mbili tatu kabla ya kulala.

Wamekubaliana mambo machache na kubishana mengi. Lakini imewachukua muda mrefu kutambua kwamba ubishi wao haukuwa wa vitabu. Ulikuwa wa mtoto.

Mtoto huyo ni binti wa yule mdogo. Aliachwa kwa mama yake mkubwa akiwa na miaka minne, mama yake alipokwenda kutafuta maisha. Leo ana miaka 15, yuko kidato cha tatu. Muuguzi humwita “Mama”, na aliyemzaa humwita “Mama wa Marekani”.

Daktari, dada yake na Lucy

Mwandishi wa vitabu hivyo ni Patricia Cornwell, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1956. Alianza kama ripota wa gazeti la Charlotte Observer, baadaye akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayochunguza vifo jimboni Virginia. Kitabu cha kwanza, Postmortem, kilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kutoka mwaka 1990. Tangu hapo mfululizo huo umepita vitabu 25.

Hadithi ya Postmortem iko Richmond, mji ambao ulikuwa bado na kumbukumbu ya hofu ya kweli. Mwaka 1987 wanawake waliuawa majumbani mwao, mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata Timothy Spencer alitiwa hatiani, akawa mtu wa kwanza Marekani kuhukumiwa kwa mauaji kutokana na ushahidi wa vinasaba. Ndiyo maana msomaji wa leo anayeona DNA kuwa jambo la kawaida hukuta kwenye kitabu hicho watu wakiizungumzia kama kitu kipya kabisa.

Muuguzi alikipenda kitabu hicho kwa sababu ya kazi yake. Anasema amewaona ndugu wengi wakikataa uchunguzi wa maiti, wakihisi marehemu anadhalilishwa. Kwa Scarpetta alikuta daktari anayemshika marehemu kwa heshima, anayeona aibu kumwacha uchi mbele ya watu wasiohusika, na anayejua kwamba nje ya chumba kuna mama anasubiri jibu.

“Huyu anafanya kazi kwa ajili ya waliobaki,” alimwambia mdogo wake. Hapo walikubaliana.

Hawakukubaliana kuhusu Lucy.

Lucy ana miaka 10 kitabu cha kwanza kinapoanza. Ni hodari wa kompyuta, ni mpweke, na amekuja kukaa kwa Scarpetta kwa sababu mama yake, Dorothy, hana nafasi naye. Dorothy ni mdogo wake Scarpetta. Kazi yake ni kuandika vitabu vya watoto, lakini wake mwenyewe humwacha huku na kule akifuata wanaume.

Wasomaji wa mfululizo huu wamegawanyika sana juu ya Lucy. Wapo wanaolalamika kwamba anachukua nafasi kubwa mno: anakua upesi, mwaka 1994 tayari ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya mafunzo FBI, baadaye anarusha helikopta na kuwa tajiri. Wanataka warudishiwe daktari wao na maabara yake. Wengine wanasema bila Lucy, Scarpetta angebaki mtu wa kisu na darubini tu, asiye na wa kumlilia.

Muuguzi ana jibu lake. Anasema wanaolalamika wanasoma kwa Kiingereza, lugha yenye neno moja kwa shangazi, mama mdogo, mama mkubwa na hata mke wa mjomba. Kwa neno hilo, Lucy anaonekana mtoto wa pembeni aliyejiingiza kwenye hadithi.

“Kwetu Scarpetta ni mama mkubwa wa Lucy,” anasema. “Huyo ni mama. Kuna mama anayeambiwa mwanawe amezidi kuzungumzwa?”

Mdogo wake, upande wa pili wa simu, siku hiyo alinyamaza.

Nani kasema Dorothy ni mbaya?

Ilipita wiki kadhaa ndipo akasema kilichokuwa moyoni.

“Dada, umewahi kumsikia Dorothy akizungumza mwenyewe?”

Hoja yake ilikuwa rahisi. Vitabu 11 vya mwanzo vyote vinasimuliwa na Scarpetta kwa kinywa chake. Kila tunachojua kuhusu Dorothy, tumeambiwa na dada yake. Kwamba ni mbinafsi, kwamba hajali, kwamba hapigi simu. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyemuuliza Dorothy.

Muuguzi alimjibu kwamba Dorothy hana cha kuulizwa. “Aliyelala na mtoto mwenye homa ndiye anayejua.”

“Ndiyo, Dada,” mdogo alijibu. “Na aliyetuma hela ya dawa je?”

Simu ilikatwa mapema usiku huo. Wote wawili walisingizia mtandao.

Mwaka 2003 Cornwell alibadilisha mtindo. Kitabu cha 12, Blow Fly, hakisimuliwi tena na Scarpetta. Msimulizi yuko nje, anaingia vichwani mwa watu mbalimbali, hata wauaji. Wasomaji wengi wa zamani walichukia, wakaona wamenyang’anywa rafiki aliyekuwa akiwasimulia sikioni. Mwandishi aliendelea hivyo kwa miaka kadhaa kabla ya kumrudishia Scarpetta usimulizi katika Port Mortuary ya mwaka 2010.

Dada hao walipofika hapo, kila mmoja alikuwa na upande wake. Mkubwa alilalamika kwamba hamsikii tena daktari wake. Mdogo alifurahi, akasema angalau sasa dunia haionekani kwa macho ya mtu mmoja.

Kitabu hichohicho kilikuwa na jambo jingine. Benton Wesley, mtaalamu wa FBI anayependana na Scarpetta, alidhaniwa ameuawa katika Point of Origin ya mwaka 1998. Scarpetta alimlilia. Wasomaji walimlilia. Kisha katika Blow Fly ikajulikana kwamba yu hai: alifichwa kwa sababu za usalama, na wapo waliojua wakakaa kimya.

Muuguzi, ambaye ni mjane, alikiweka kitabu chini akakaa miezi miwili bila kukigusa.

“Waliokufa hawarudi, mdogo wangu,” alisema. “Lakini hata hilo ningemsamehe mwandishi. Walijua! Walimwona analia, wakanyamaza, eti wanamlinda.”

Mdogo hakubisha. Huenda wote wawili walikuwa wakifikiria jambo lilelile.

Mwakani

Kwa miaka 11, kila binti alipouliza mama yake anakuja lini, jibu lilikuwa moja: mwakani. Mwanzoni lilikuwa jibu la kweli. Baadaye kibali cha mama kuishi Marekani kiliisha. Akitoka, huenda asiruhusiwe kurudi, na kazi yake ya kuhudumia wazee ndiyo inayolipa ada na dawa za bibi. Dada hao walikubaliana mtoto asiambiwe. Ni mdogo, ataumia, atazungumza na watu. Mwakani likawa neno la nyumbani, kama chumvi.

Muuguzi alikuwa na lake la ziada, ambalo sasa analikiri. Zipo siku alichoka, na alipochoka alisema mbele ya mtoto: “Mama yako angekuwa anakujali, angekuwa hapa.” Hakusema mara nyingi. Alisema mara za kutosha.

Mwezi uliopita, usiku, aliona mwanga wa simu chini ya shuka la binti. Alidhani ni mambo ya wavulana. Alipofunua akakuta tochi ya simu ikimulika Postmortem, ukurasa ukiwa katikati.

Wazo la kwanza lilikuwa kumnyang’anya. Kitabu hicho si cha mtoto. Kina wanawake waliobakwa na kuuawa, na hakifichi kilichofanyika kwenye miili yao. Mzazi yeyote ana haki ya kusita, na muuguzi bado anaamini kwamba miaka 12 au 13 ni mapema mno. Lakini huyu alikuwa na miaka 15, na alikuwa ameshafika nusu.

Akakaa kitandani, akamuuliza kama anaogopa.

Binti akasema sehemu za wauaji anaziruka. Anasoma za Lucy.

Kisha akauliza: “Mama, kwa nini Lucy hawamwambii ukweli? Si anaona?”

Muuguzi akajaribu kumweleza habari za Dorothy. Binti akamkatisha, kwa adabu lakini bila kuinua macho: “Na mimi kwa nini kila mwaka mnaniambia mwakani?”

Asubuhi yake, kabla ya kuingia zamu, muuguzi alimwandikia mdogo wake ujumbe mfupi: Jumapili mwambie mwenyewe. Mimi nimeshasema ya kutosha kwa niaba yako.

Jumapili hiyo alimpa binti simu, akatoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alisikia kimya kirefu, kilio, kisha sauti mbili zikipokezana. Yalikuwa mazungumzo ya dakika 50. Mama alieleza kibali, zamu mbili kwa siku, hofu ya kusimamishwa barabarani, na kwamba hajui atakuja lini. Kwa mara ya kwanza hakusema mwakani.

Binti alilala bila kula. Siku ya pili alikuwa na hasira kwa wote wawili, na ya tatu vilevile. Muuguzi anasema alitamani kumwambia anyamaze, ashukuru, maana wapo watoto wasio na hata mama mmoja. Alijizuia. Hasira hiyo ilikuwa ya haki, na mtoto aliyedanganywa kwa miaka hahitaji kuharakishwa kusamehe.

Kwa wazazi wanaolea watoto wa ndugu zao, na kwa walioacha watoto kwa ndugu, hadithi hii haina dawa ya siku moja. Ina mambo machache tu. Mtoto akiuliza, ujue ameshaona. Mwambie kiasi anachoweza kubeba kwa umri wake, lakini kiwe kweli. Anayelea asimsemee vibaya aliye mbali, hata akiwa amechoka, na aliye mbali asijifiche nyuma ya anayelea. Na kila mmoja asimulie sehemu yake mwenyewe.

Patricia Cornwell analijua jambo hili kwa maisha yake. Baba yake aliondoka nyumbani siku ya Krismasi, yeye akiwa na miaka mitano. Mama yake aliugua sonona, na watoto wakalelewa kwa muda na watu wengine. Si ajabu basi kwamba katikati ya maiti na maabara, kwa zaidi ya miaka 30, ameendelea kurudi kwa mtoto mmoja anayesubiri mtu mzima amwambie kinachoendelea.

Jumapili iliyopita walikuwa watatu kwenye simu. Dada wakubwa walianza ubishi wao wa kawaida: nani mwenye makosa, Scarpetta au Dorothy. Binti, ambaye amemaliza Postmortem na ameambiwa asubiri kabla ya kupewa kingine, alisikiliza kidogo kisha akauliza swali.

“Kuna kitabu ambacho anayesimulia ni Lucy mwenyewe?”

Mama yake wa Marekani, ambaye amevisoma karibu vyote, alifikiri.

“Hapana, mwanangu,” alisema. “Hakuna.”

“Basi bado hatujajua,” binti akasema, akamrudishia mama mkubwa simu, akaenda kumalizia kazi zake za shule.